Dola Isiyo na Mwaka

Mwenda alipoingia sebuleni kwangu hapa Githongo, baada ya miaka mingi ya kukaa Amerika, hakuketi. Alisimama na begi begani akitazama ukuta, pale kati ya saa na kalenda ya kanisa, ambapo nimetundika kitambaa changu cha kufuma. Ni kitambaa cheupe, kirefu, chembamba, chenye vifuko vidogo vilivyopangwa safu, na katika kila kifuko mna sarafu moja ya dola aliyonitumia yeye. Akavigusa kwa kidole, kimoja kimoja. Alipofika kimoja cha katikati kidole kikasimama. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena. "Mama," akasema, "hiki si kilibaki kitupu?" Nikamwambia aweke begi chini anawe mikono, chakula kinapoa. Mimi si mtu wa kuanza hadithi mbele ya mtoto mwenye njaa, hata kama huyo mtoto sasa ana mvi nyingi kuliko nilizokuwa nazo mwaka ule. Lakini nilipokuwa nikipakua, mwaka wenyewe ukanirudia wote, na harufu zake na majina ya watu wake.

Wengine wakisimulia mwaka uliowatengeneza husimulia ujana. Mimi nilizaliwa, nikasoma mpaka darasa la tatu, nikaolewa, nikalea. Hayo kila mwanamke wa huku anayo na sina haja ya kuyaeleza. Mwaka ulionitengeneza mimi ulinikuta nikiwa tayari naitwa shosho, yaani bibi, goti moja limeanza kulalamika. Ndio mwaka Mwenda alinyamaza, na watu wakaanza kumzungumza kama mtu aliyekwisha, na mimi nikasema hapana.

Sarafu zilianza jikoni, siku alipoondoka. Baba yake alikuwa nje akipanga na majirani nani ataketi wapi kwenye gari la kumsindikiza. Nilimshika mkono nikamwambia, "Pesa utamtumia baba yako. Mimi nitumie kitu kimoja kila mwaka, nikikishika nijue ni mwaka huu na uko hai." Krismasi ya kwanza akanitumia dola ya rangi ya dhahabu, si noti, sarafu, ikiwa na sura ya mwanamke kijana anayetazama nyuma ya bega lake, na mgongoni mtoto amelala. Niliipeleka kwa kila nyumba. Jirani yangu Jenifa Kinya aliiweka karibu na macho, akauliza, "Na amemfunga na nini? Mimi sioni leso." Tukacheka. Upande wa nyuma kulikuwa na tai anaruka, na mbele, karibu na uso wa mama, palikuwa na mwaka. Namba nazijua vizuri. Namba hazikuningoja nimalize shule.

Kila Krismasi ikaja nyingine, ndani ya soksi ya mtu au ndani ya kiatu, kwa mkono wa yeyote aliyekuwa akija nyumbani. Nilikuwa nazipanga mezani karibu na dirisha nikizilinganisha. Mama ni yule yule, tai ni yule yule, namba tu ndiyo inasogea. Rangi nazo zilitofautiana. Zile zilizoshikwashikwa na wageni ziligeuka kama chai ya rangi, na zile nilizozifunika zikabaki na njano yake. Mwanzoni niliziweka jikoni ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaona moshi unaziharibu. Ndipo nikachukua uzi ule ule wa vitambaa vya sofa nikafuma huu mkanda, kila sarafu na kifuko chake, nikaacha na vifuko vya mbele vikingoja. Mwenda alicheka kwenye simu. "Mama, watu huku wanaziweka kwa vibweta vya plastiki." Nikamwambia, "Hapa tuna uzi."

Jumapili moja, tumetoka kanisani, akapiga simu akiwa na furaha. "Mama, mwaka huu wamemtoa tai. Huko nyuma wamekuweka wewe." Nikamuuliza, "Mimi nimefanya nini?" Akasema, "Ni mwanamke ameinama shambani anapanda. Mahindi, maharagwe na malenge, yote pamoja, vile unapanda. Ni wewe kabisa, hata ule mgongo." Nilicheka mpaka Baba Mwenda akatoka kuuliza ni nani amekufa na kuacha ng'ombe. Mwenda akasema ameshainunua, nitaiona Krismasi. Baada ya hapo nikipiga, yule mwanamke wa simu alikuwa akiniambia nambari haipatikani. Krismasi ikafika. Waliokuja kutoka Amerika wakaja, nikawatembelea wote, hata Mutuma wa Kariene ambaye mama yake na mimi hatukuwa tukisalimiana. Hakuna aliyekuwa amemwona. Kifuko chake kikabaki kimelegea ukutani kama mdomo wa mtu asiye na meno.

Mwaka ulipoanza, chama chetu cha akina mama kilikutana kwangu. Nilikuwa nimepika githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati, na nilikuwa narudi kutoka jikoni na themosi nikasikia sauti ya Beatrisi Gatwiri sebuleni, anaongea polepole vile mtu huongea akiwa nyumbani kwa wengine.

"Mimi hicho kifuko kinanitisha. Ni kama sahani ya mtu ambaye hatarudi."

"Huko wanapotea," akajibu Chariti Nkirote. "Au wako jela, wanaona aibu. Huyu mama ni nani atamwambia?"

"Mwambie wewe. Wewe ndiye katibu."

"Ukatibu si wa maiti, Beatrisi."

Nilisimama kwenye mlango mpaka mkono ukachoka na themosi. Kisha nikaingia, nikamimina chai, nikaanza na kikombe cha Beatrisi, nikamwekea sukari vile anapenda. Hawakujua kama nimesikia. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mpole au nilikuwa nimekasirika sana. Mara nyingine mtu hayatofautishi mambo hayo mawili. Lakini nilipokuwa nikimimina niliamua. Niliona wazi kwamba watu walikuwa wanasoma ule ukuta. Kifuko kikiwa kitupu, mtoto wangu hayupo. Basi nitakijaza, na nitakijaza na sarafu yenyewe, ile ya mwanamke anayepanda, ya mwaka ule ule. Mwenda yuko hai mpaka mtu aniletee habari nyingine, na aliye hai mwaka wake hauachwi wazi.

Baba Mwenda hakuona hivyo. Watu wazima wenzake walimwita M'Ikiara, mtu wa maneno machache, na yale machache alikuwa akiyasema mara moja. Jioni ile ile akaniambia, "Kahawa ikiisha kuvunwa na hakuna habari, nitakitoa hicho kitambaa. Tutaita kasisi tuombe. Nimechoka kuulizwa na ukuta." Hakuwa mbaya. Alikuwa anataka mahali pa kuweka uchungu wake, na mimi nilikuwa nimemnyima. Nikamwambia, "Basi ngoja kahawa." Hatukubishana tena.

Nilianza Meru mjini, siku za soko, nikishauza ndizi. Nilikuwa nimefunga ndani ya hanchifu ile sarafu yetu ya shilingi arobaini, iliyotolewa nchi ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru. Baba Mwenda alipewa kama chenji, kisha maduka yakaanza kuikataa. Nilikuwa nikiifungua naonyesha watu: natafuta kitu kama hiki, cha ukumbusho, lakini cha Amerika. Msichana wa mahali pa kubadilisha pesa alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Shosho, sisi tunachukua noti peke yake. Sarafu ya dola hata nikipewa leo, nitaifanyia nini?" Padri mzungu wa kanisa letu naye akashika kichwa. "Mama, mimi ni wa Italia. Amerika sijafika hata siku moja." Nilimwomba msamaha. Kusema kweli nilikuwa nimemhesabu miaka yote kama Mmarekani.

Aliyenisaidia ni Mama Rukia. Mume wake, Salim, alikuwa na bucha karibu na Kinoru, na kwa miaka mimi nilimletea ndizi naye akanifungia matumbo, hakuna kupima. Siku hiyo Salim alikuwa akinoa kisu, sisi tumekaa nyuma kwenye baraza lao tukinywa chai ya tangawizi. Mama Rukia alisikiliza habari yote, ya kifuko na ya kahawa, kisha akasema, "Dada yangu Mwanaidi, wa Embu, ana hoteli. Madereva wa watalii wanaoshuka mlima upande wa Chogoria hula pale. Wazungu wanawapa bakshishi ya sarafu, benki inazikataa, wanaziacha kwake. Ana bakuli nzima."

"Ya dola?" nikauliza.

"Mama Mwenda, mimi sijui ni ya nini. Ninachojua zinang'aa kama sufuria za harusi. Mwanaidi akishika kitu lazima akisugue."

Salim akasema bila kuinua kichwa, "Alitaka kunisugua mimi siku ya nikahi. Mwende wote wawili. Mimi nitapika chai yangu."

Hivyo ndivyo nilivyofika Embu, wiki ambayo mavuno ya kahawa yalikuwa yanakaribia mwisho na nyumbani kila mkono ulihitajika. Hoteli ya Mwanaidi ilikuwa nyuma ya soko: chumba kimoja kirefu, sakafu ya simenti yenye mabonde, meza za mbao, na huko ndani chumba cha kulala ambamo alitutandikia kitanda chake akalala chini yeye. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mikubwa, na madereva walimwita Mama Pilau. Alinikaribisha kwenye meza ya pembeni, akaniletea pilau ya mbuzi na kachumbari, akakataa kusikia habari yoyote kabla sijamaliza sahani. Katika hilo tulielewana mara moja.

Kisha akaleta bakuli, akamwaga sarafu kwenye sinia. Mama Rukia hakuwa amedanganya. Ziling'aa mpaka macho yakauma. Kila Ijumaa asubuhi Mwanaidi alizisugua zote kwa majivu na ndimu, pamoja na sufuria. "Nyumba ya chakula haiweki kitu kichafu," akasema. Nilizigeuza moja moja. Palikuwa na za Ulaya, za Uingereza, senti za Amerika zenye nyuso za wazee, na zile zangu za mama na mtoto, lakini mama hana tena pua na mtoto amebaki kama uvimbe. Nyuma, tai. Tai. Tai mwingine. Niliirudia sinia mara ya pili nikijua hakuna. Mwanamke anayepanda hakuwepo.

Nilikaa siku iliyofuata pia. Nilisema nitauliza kila dereva atakayeingia, na nikauliza kila dereva aliyeingia. Mmoja wao, Njeru wa Runyenjes, kijana wa maneno mengi, akavuta kiti akaketi mbele yangu. "Shosho, wewe unatafuta dola moja na mlima mzima uko na wazungu. Si ungeniambia nikuibie mzungu mwenyewe?"

"Mzungu ninaye wa kutosha," nikamwambia. "Mtoto wangu yuko kwao. Ninataka sarafu, huku nyuma iwe na mwanamke ameinama anapanda."

Njeru akakuna kidevu. "Ameinama? Kama hiyo niliona. Niliileta hapa mwenyewe. Mama Pilau alinitukana."

Mwanaidi alikuwa akikanda chapati. Akageuka na unga mpaka kwenye viwiko. "Ile bandia? Kwa nini nisikutukane? Unanilipa na pesa ya bandia, ukiwa umeshiba."

"Bandia kivipi?" nikauliza.

"Haina mwaka, dada. Sarafu yoyote ya serikali ina mwaka, hata hii yetu ya shilingi. Ile nilisugua, nikageuza mbele, nikageuza nyuma, mwaka hakuna. Nikajua huyu Njeru amenunua mahali kwa mafundi."

"Iko wapi sasa?"

Mwanaidi akanitazama, akatazama sahani yangu, kisha akaanza kucheka na kujifunika mdomo kwa mkono wenye unga. "Si hiyo umeikalia tangu jana? Meza hiyo ilikuwa inacheza. Niliiwekea chini ya mguu."

Njeru aliinua meza pamoja na pilau yangu. Nikapiga lile goti langu baya nikaitoa. Ilikuwa imekwama kwenye simenti, imepigwa deki mara nyingi, ukingo umebonyea upande mmoja ambapo mguu wa meza ulikuwa umeelemea. Mama wa mbele alikuwa hana sura. Nikaigeuza. Ameinama. Mahindi yamesimama nyuma yake, majani ya malenge chini, mkono unaelekea kwenye udongo. Mgongo ulikuwa wangu, Mwenda hakukosea. Lakini mwaka haukuwepo kweli, na mimi nilitaka mwaka. Nilimgeuzia Mama Rukia, naye akatikisa kichwa. Nikakaa chini nikiizungusha kwenye vidole, sijui la kufanya, ndipo ukucha wangu ukakwaruza kitu. Ukingoni, mahali ambapo hakuna mtu hutazama, palikuwa na maandishi yamechimbwa. Majivu ya Mwanaidi hayakufika pale. Uchafu wa sakafu ndio uliofika, ukajaza herufi kwa weusi. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Maneno ya Kizungu yalinishinda, lakini namba zilikuwa nne na nilizisoma kwa sauti, kila mmoja asikie. Ulikuwa ndio mwaka wenyewe.

Kisha Mwanaidi akauliza, "Na meza yangu?"

Nikafungua hanchifu nikampa ile shilingi arobaini. Akaigeuza akatafuta mwaka, akaupata, akaridhika. "Hii ni halali. Lakini hata hii hakuna mtu anaichukua dukani."

"Ndiyo maana ninakupa," nikasema, na Njeru akacheka mpaka akakohoa. Tukaiweka chini ya mguu. Mwanaidi akataka kuisugua dola yangu mara ya mwisho, niende nayo ikiwa safi. Nilimshika mkono nikamwambia asante, imeoga ya kutosha.

Nilipofika nyumbani ukuta ulikuwa mtupu. Baba Mwenda alikuwa amekitoa kitambaa. Hakukitupa; kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa kwa unadhifu ambao sikujua anao, sarafu zote ndani. "Kahawa imeisha," akasema. Nilikaa nikakikunjua kwenye mapaja yangu, nikaitia ile sarafu iliyobonyea kwenye kifuko chake, nikavuta uzi. Kisha nikachukua stuli nikapanda kukitundika. Stuli ikayumba. Mara ikatulia, na nilipotazama chini nikaona ameishika kwa mikono yote miwili. Kasisi hakuitwa. Chama kilipokutana kwangu tena, Beatrisi Gatwiri alitazama ukuta, akanitazama, akaomba sukari zaidi.

Sisemi sarafu ndiyo iliyompigia simu. Mvua ndefu ilipita kwanza, na palizi, ndipo simu ikalia na ikawa ni yeye, sauti nyembamba, anauliza habari za ng'ombe. Nilimjibu habari za ng'ombe. Zile dola zikaanza kuja tena, kila mwaka na picha yake mpya nyuma, nami nikawa najua mwaka wa kuutafuta uko wapi. Ya mwaka ule hakuitaja. Yeye hakusema, mimi sikuuliza, na simu hailipiwi kwa mambo ya namna hiyo. Baba yake alikuwa akikipangusa kitambaa vumbi mwenyewe mpaka alipougua. Hakungoja kumwona Mwenda akiingia.

Sasa Mwenda alikuwa ameketi mezani pangu na githeri mbele yake, niliyoipika pamoja na malenge, na hakuwa anakula. Alikuwa ameitoa ile sarafu kifukoni ameiweka kando ya sahani. Kisha akatoa mfukoni kibweta cha plastiki, na ndani yake nyingine kama ile, mpya, mama ana pua, mtoto ana macho yaliyofumbwa.

"Nilikuwa nimekuletea hii ya kujaza pale," akasema. "Mama, ile ya kwanza niliila. Nilifukuzwa chuo, ada ilinishinda, nikawa nalala kwa gari la rafiki. Siku moja sikuwa na kitu kingine mfukoni. Nilinunua mkate nayo. Baada ya hapo ningekupigia nikwambie nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimefikiria jela, hospitali, mto. Sikuwa nimefikiria mkate.

"Ulishiba?" nikamuuliza.

"Siku hiyo, ndiyo."

"Basi ilifanya kazi yake."

Akaishika ile ya zamani, akapitisha kidole mahali ilipobonyea. "Na hii nani aliisugua hivi?"

Ndipo nikamwambia yote, ya Mama Rukia na Salim, ya Mwanaidi na Ijumaa zake, ya Njeru kuinua meza na pilau yangu. Alicheka pale nilipotaka acheke, na pale pa baba yake na stuli akainamisha kichwa. Nilipomaliza akainuka mwenyewe akairudisha ile mbovu kwenye kifuko chake, akavuta uzi vile alivyoniona nikivuta nikifuma vitambaa vya sofa, akiwa mtoto. Akarudi mezani, akaegemea, meza ikacheza. Sakafu ya hapa kwangu nayo si sawa. Mwenda akafungua kibweta, akatoa ile dola mpya, akainama, mgongo wake ukiwa kama wangu, akaisukuma chini ya mguu. Akajaribu kwa mkono. Meza ikatulia, naye akavuta sahani akaanza kula.